Je, Wajua? Simu Unayoihama na Mnada Ulio Mfukoni Mwako

Sogea kidogo hapa benchini, na simu yako ishike mkononi, maana leo tutaichungulia nje na ndani. Tutaanza na ilikotoka, tupite kwenye shughuli ya kuhama simu, kisha tuingie kwenye mnada unaopigwa wakati unatafuta kitu mtandaoni. Uko tayari? Twende!

Ilikotoka

Je, wajua kwamba wa kwanza kupigiwa kwa simu ya mkononi hadharani alikuwa mshindani wa mpigaji? Tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper wa Motorola alisimama barabarani mjini New York akampigia Joel Engel wa Bell Labs, waliyekuwa wakikimbizana naye kuunda simu ya aina hiyo. Habari ya kushindwa Engel akaipata kwa simu!

Na simu hiyo ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1. Chukua pakiti ya sukari, iweke sikioni, halafu piga soga! Ilipoingia sokoni mwaka 1983 kwa jina la DynaTAC 8000X, bei yake ilikuwa dola 3,995. Ukiichaji saa 10, ulipata maongezi ya dakika 30.

Unadhani simu janja ilianza na iPhone? Hapana! Mwaka 1994 nchini Marekani iliuzwa IBM Simon: kioo cha kugusa, barua pepe, kalenda, hata faksi. Ziliuzwa takriban 50,000, na betri yake ilidumu kama saa 1 tu.

Shika na hii: Android haikuanza kama programu ya simu. Waanzilishi wake walitaka kuitia kwenye kamera za dijitali. Wakabadili nia, Google ikainunua mwaka 2005, na simu ya kwanza ya Android ikaingia madukani Oktoba 2008.

Je, wajua kwamba M-Pesa iliitangulia iPhone? M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, na iPhone ikaanza kuuzwa Marekani 29 Juni mwaka huohuo. Mkenya alikuwa anatuma pesa kijijini kwa simu ya vitufe wakati Mmarekani bado yuko foleni dukani!

Na iPhone hiyo ya kwanza haikuweza kunakili neno ukalibandike mahali pengine. Uwezo huo ulikuja mwaka 2009, miaka 2 baadaye. Hata duka la programu halikuwepo. Lilifunguliwa 10 Julai 2008 likiwa na programu 500 tu.

Kitochi je? Wengine mnaita mulika mwizi. Nokia 1100, ile yenye tochi kichwani, iliuzwa zaidi ya milioni 250 tangu 2003. Ukiwa na simu yoyote ya kifahari, bado hujafika kwenye heshima ya kitochi!

Tazama tena simu yako. Kama ina RAM ya GB 4, kumbukumbu hiyo ni karibu mara 1,000,000 ya ile ya kompyuta iliyoongoza chombo cha Apollo hadi mwezini mwaka 1969. Ile ilikuwa na takriban KB 4. Wao walifika mwezini. Wewe leo umefika wapi?

Siku ya kuhama

Juzi kwenye kibanda cha fundi nilimwona akichokoa laini ya mteja kwa pini. Ikaanguka mezani, na ilimbidi alowanishe ncha ya kidole ndipo aiokote. Sasa sikia: laini za kwanza, zilizotengenezwa Ujerumani mwaka 1991, zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki! Juu ya moja ya hizo ungepanga laini 36 za nano za leo, na nafasi ingebaki.

Na hata hiyo ndogo inaondoka. Tangu mwaka 2022, iPhone 14 zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini kabisa. Laini imo ndani ya simu yenyewe. Fundi hana cha kuchokoa.

Je, wajua kwamba unaweza kuhama kampuni ya simu na namba yako ukaondoka nayo? Kenya ilianza 1 Aprili 2011, Tanzania ikafuata 1 Machi 2017. Namba ni yako, mtandao ni wa kupita.

Bonyeza *#06# sasa hivi, nakusubiri. Umeona tarakimu 15? Hiyo ndiyo IMEI, na tarakimu ya mwisho inapatikana kwa kukokotoa zile 14 za mbele, ili namba iliyokosewa igundulike haraka. Kwa namba hizo Kenya ilizima simu bandia mwanzoni mwa Oktoba 2012, na Tanzania 16 Juni 2016. Kabla hujalipia simu iliyotumika, bonyeza *#06# kwanza!

Programu ya kwanza ambayo Apple yenyewe iliiundia Android ilikuwa ya kazi gani? Ya kuwasaidia watu waihame Android! Ilitoka Septemba 2015, na mashabiki wa Android wakaijazia nyota moja moja kwa hasira.

Na WhatsApp? Kwa miaka mingi aliyehama iPhone kwenda Android, au kinyume chake, aliziacha soga zake nyuma kama vyombo kwenye nyumba ya kupanga. Njia rasmi ya kutoka iPhone ilianza 2021, na ya kwenda iPhone ikaja 2022. Salamu za bibi zikapona!

Hii itakushangaza. Ukirudisha simu ya kisasa katika hali ya kiwandani, si lazima kila picha ifutwe moja moja. Picha zako zimekaa ndani kwa mafumbo, na simu inaharibu ufunguo wa kuyafumbua. Sekunde chache tu, na yote yamekuwa vurugu isiyosomeka.

Lakini ngoja! Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa nguvu bila kutolewa akaunti ya Google inaweza kumgomea mmiliki mpya. Itamdai nywila ya yule wa zamani. Ukiuza, toa akaunti kwanza; ukinunua, simama hapohapo uione ikitolewa.

Chaja yako imekuwa moja na ya jirani? Umoja wa Ulaya umechangia. Tangu 28 Desemba 2024, simu mpya zinazouzwa huko na zinazochajiwa kwa waya lazima ziwe na tundu la USB-C. Ule msako wa chaja nyumba kwa nyumba unakaribia kwisha!

Na simu ya zamani usiitupe. Wajapani walikusanya simu zilizotumika milioni 6.21 pamoja na vifaa vingine chakavu, wakapata humo kilo 32 za dhahabu. Medali zote takriban 5,000 za michezo ya Tokyo 2020 zilitokana na takataka hizo! Droo yako ni mgodi mdogo.

Migodi mikubwa nayo iko karibu nasi. Koltani inayochimbwa Kivu, mashariki ya Kongo, hutoa tantali, na tantali hutumika katika vijisehemu vidogo mno vinavyotunza umeme ndani ya simu. Huenda simu yako imezaliwa jirani tu, ikazunguka dunia, ikarudi imevaa kioo.

Mnada ulio mfukoni

Sasa fungua mahali pa kutafutia. Je, wajua tangazo maarufu la kwanza la mtandaoni lilibofywa na watu wangapi? Lilikuwa la AT&T, Oktoba 1994, kwenye tovuti ya HotWired. Kati ya kila watu 100 walioliona, 44 walilibofya! Mfanyabiashara wa leo angeota ndoto kama hiyo asingetaka kuamka.

Wazo la kuuza maneno ya kutafutia kwa mnada si la Google. Bill Gross alilianzisha mwaka 1998 kwenye GoTo.com: hulipi mpaka mtu abofye. Yahoo iliinunua kampuni hiyo mwaka 2003 kwa dola bilioni 1.63.

Google ilifungua duka lake la matangazo 23 Oktoba 2000 ikiwa na wateja 350. Miongoni mwa wateja wa mwanzo kabisa alikuwa muuza kambakoche hai wa kusafirisha kwa oda! Mashine kubwa ya matangazo duniani, na mmoja wa waliofungua mlango ni mtu wa kambakoche.

Haya, mnada wenyewe unapigwa lini? Unapigwa wakati wewe unatafuta! Ukishaandika "fundi wa kioo cha simu", matangazo yanashindanishwa, yanapimwa na kupangwa kabla hujapepesa macho. Dalali hapigi kelele, na nyundo husikii.

Sasa shika kalamu. Duka kubwa limeweka shilingi 1,000 kwa mbofyo, lakini tangazo lake ni la ovyo, ubora 3. Fundi wa kibandani ameweka 500, ila tangazo lake linajibu swali barabara, ubora 8. Zidisha: 3,000 kwa 4,000. Fundi yuko juu! Hesabu kamili ina mambo mengi zaidi, lakini mzizi wake ndio huo.

Na fundi hatalipa hata hizo 500. Mshindi hulipa kiasi cha kumpita wa chini yake tu: 3,000 gawanya kwa 8, ni kama shilingi 375. Umeona? Neno lililopangwa vizuri limempiga mwenye mfuko mnene, na chenji imebaki.

Mnada wa mshindi kulipa bei ya anayemfuata ulichambuliwa na William Vickrey mwaka 1961, kabla ya intaneti. Mwaka 1996 alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Siku 3 baadaye akafariki dunia.

Kichwa cha tangazo la Google kina nafasi ya alama 30 tu, pamoja na nafasi tupu. Hesabu nami: "Fundi Simu Kariakoo, Leo Leo". Ni 28! Umesema kazi, umesema mahali, umesema haraka, na mbili zimebaki.

Unaruhusiwa kuandika vichwa 15 na maelezo 4, na mashine inaweza kuchanganya vichwa 3 na maelezo 2 kwa wakati mmoja. Piga hesabu ya mipangilio yote: 32,760! Tangazo lako moja lina nyuso nyingi kuliko watu wa mji mdogo.

Je, wajua kwamba unaweza kulipia maneno fulani, na mengine ukayakataza? Unatengeneza vioo? Kataza "bure", kataza "picha", kataza "michezo". Kila neno la kukataza ni shilingi iliyorudi mfukoni.

Rangi nayo ni pesa. Google iliwahi kujaribu aina 41 za buluu kwenye viungo ili ione ipi inabofywa zaidi. Bosi wao mmoja alisema buluu iliyoshinda iliwaongezea dola milioni 200 kwa mwaka. Buluu tu!

Ila usilipie kila kitu. Mwaka 2012 eBay ilijaribu kuacha kulipia matangazo ya jina lake yenyewe. Katika kila mibofyo 1,000 ya kulipiwa iliyopotea, 995 ilirudi bure kupitia matokeo ya kawaida! Mtu aliyekwisha kukuita kwa jina, unamlipia nauli ya nini?

Na hapa ndipo simu na tangazo vinapooana. Mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe ndiyo kitafutio kinachofunguka chenyewe kwenye kivinjari cha Safari. Hiyo ni zaidi ya dola 630 kila sekunde. Ukihama simu, kuna mtu ameshalipia mlango utakaoingilia!

Zinarudi? Zinarudi sana. Mwaka 2024 matangazo ya utafutaji na huduma zake nyingine za karibu yaliiingizia Google dola bilioni 198. Gawanya kwa siku: zaidi ya milioni 540 kila jua likichwa.

Usikate tamaa kwa ukubwa huo. Kijana mmoja wa New York, mwandishi wa matangazo asiyeridhika na kazi yake, alinunua majina ya mabosi 5 wa fani yake kwa senti 15 kwa mbofyo. Kila bosi aliyejitafuta akakutana na tangazo la kijana likimwomba kazi. Alitumia dola 6 kwa jumla, na kazi akapata!

La mwisho, kisha nikuachie benchi. Google wamesema kwamba takriban maswali 15 kati ya kila 100 yanayotafutwa kwa siku hayajawahi kuandikwa kabla. Maneno mapya kila siku, ambayo tajiri hajayawekea bei! Kesho mteja akija dukani muulize aliandika nini hasa alipokutafuta. Atakalokutajia, liandike kwenye daftari hapohapo, kwa maneno yake mwenyewe. Huenda hilo ndilo neno lako la shilingi 375.