Cherehani ya bei rahisi ilinila 205,000: soma hii kabla hujanunua ya kwako

Leo siongelei mtaji wala wateja wasumbufu. Naongelea cherehani, maana haipiti wiki bila dada au kaka kuingia dukani kwangu hapa Newala na kuniuliza, "Eti ninunue cherehani gani?" Na kila nikitaka kujibu nakumbuka nilivyolia mwaka jana. Kwa hiyo naandika mara moja, msome wote.

Mimi sio fundi wa kusomea. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunibeba, nikaanza kuuza nyuzi, zipu na vitenge kwenye kibaraza cha mama. Kushona nilijifunza kwa kuchungulia mafundi na kuangalia video kwenye simu. Nikaona kitu kimoja: mafundi wanatupa vipande vya vitenge, wengine wanawashia moto. Nikaanza kuvinunua kwa kiroba na kushona mablanketi ya viraka.

Kwa asiyejua, blanketi la viraka lina tabaka tatu. Juu ni vipande vya vitenge vilivyoungwa, katikati faiba, chini kitambaa kizima. Halafu unapitisha mistari ya mshono kwenye tabaka zote tatu, ili faiba isitembee ikaenda kujikusanya kwenye kona. Huku kwetu juu ya uwanda, mwezi wa 6 na wa 7 usiku baridi inauma, haswa ukikaa upande wa Shimo la Mungu kunakopiga upepo. Wateja wapo. Kilichokuwa hakipo ni cherehani yangu mwenyewe.

Hela ya mjomba

Kwetu Wamakonde mtoto anahesabiwa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ana neno kubwa kwenye maisha yako. Msimu wa korosho ulipoisha, malipo ya mnada yakaingia benki, mwezi wa 1 mjomba akaniita. Nikamwamkia, akaniwekea 400,000 mkononi. Akasema, "Mpwa wangu, hii sio zawadi. Msimu ujao ukifunguliwa, nirudishie. Nina palizi na mimi."

Nikashuka Masasi siku ya pili yake. Nikakuta cherehani ndogo ya umeme, nyeupe, nyepesi, ina mishono ya maua kibao. Bei 185,000. Muuzaji akashona mstari kwenye kitambaa chepesi cha gauni, ukatoka mzuri. Mi nikaona nimeokota dodo. Hela iliyobaki, 215,000, nikaongeza mzigo dukani.

Mwezi wa 3 nyumba moja ya wageni hapa Newala wakaniagiza mablanketi 12, kila moja 45,000, niyalete mwisho wa mwezi wa 5 kabla ya baridi. Jumla 540,000. Wakatoa nusu, 270,000. Niliona maisha yamenyooka.

Blanketi la kwanza ile cherehani ilikuwa inalalamika. La pili ikaanza kuruka mishono, sindano nikavunja nne. La tatu ikanuka kama plastiki inaungua, ikasimama katikati ya mstari. Fundi akaifungua, akanionyesha gia ya ndani: plastiki, meno yamelika. Spea hakuna Newala, hakuna Masasi. Nikamuuzia yeye kwa 40,000, akatoe vipuri.

Nikaenda kwa mjomba nikamwambia ukweli. Hakunifokea. Alicheka kidogo akasema, "Mpwa, umenunua kisu cha kumenyea chungwa, ukaenda kupasulia kuni. Kisu kina kosa gani?" Hela nyingine hakunipa. Lakini hilo neno lilinisaidia kuliko hela. Kweli ile cherehani haikuwa mbovu. Ilitengenezwa kwa ajili ya kitambaa chepesi, mimi nikaipa tabaka tatu za blanketi.

Safari ya pili Masasi

Safari hii nilienda na mfuko. Ndani ya mfuko niliweka kipande cha blanketi langu chenye tabaka zote tatu, kitenge nilichokunja mara nane, na kipande cha jinsi. Pia sindano zangu, uzi wangu, na sumaku ndogo niliyotoa kwenye spika mbovu. Nilizunguka siku nzima, nikajifunza haya:

1. Cherehani ndogo ya umeme. Ni nzuri kwa kupunguza suruali, gauni la mtoto, kutia zipu. Kama kazi yako ni hiyo, nunua kwa amani. Kwa blanketi, begi, mapazia mazito au sare nyingi za shule, achana nayo. Mota yake ni ndogo na ndani gia nyingi ni za plastiki.

2. Cherehani ya mguu, ile nyeusi ya chuma, kama Singer na Butterfly tunazoziona kila kibaraza. Inashona mshono mmoja tu, wa kunyooka. Lakini ndani ni chuma kwa chuma, inapenya kitambaa kinene, na umeme ukikatika wewe unaendelea. Spea zipo kila mahali na kila fundi anaijua. Ubaya wake ni mbili. Haina mbio, kwenye mishono kama 1,000 kwa dakika imefika. Na nafasi kati ya sindano na shingo ya cherehani ni ndogo, kama nchi 7, kwa hiyo blanketi kubwa inabidi ulikunje kama mkeka ndio lipite.

3. Cherehani ya kiwandani, ile yenye meza yake na mota chini, kama Juki au Jack. Inafika hata mishono 5,000 kwa dakika. Nafasi ya shingoni inazidi nchi 10, na kiguu cha kubana kitambaa unakiinua kwa goti, mikono yote miwili inabaki kwenye kazi. Kwa mwenye oda za sare, hii ndiyo yenyewe. Ila haiendi bila umeme, na kuibeba sio mchezo. Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza: zipo za kitambaa chepesi na za kitambaa kizito, kwa nje zinafanana kama mapacha. Uliza, halafu jaribu. Wa pili ni mota. Ya klachi inazunguka muda wote hata ukiwa unakunja kitambaa, na LUKU inasoma. Ya sevo inazunguka ukikanyaga tu. Kama bei hazijapishana sana, chukua ya sevo.

Mimi nilichukua ya mguu, mpya, na meza yake, kwa 320,000. Ile 40,000 ya vipuri, 200,000 nilikopa kwenye kikundi chetu cha VICOBA, na 80,000 nilipata kwa kuuza vitenge bei niliyonunulia. Kile cha kiwandani nilikitamani, lakini bei ilinipita na siwezi kuweka oda yenye tarehe mkononi mwa umeme. Baadaye, faida ilipopatikana, nikafunga mota ndogo nyuma ya kichwa kwa 65,000. Umeme ukiwepo natumia mota, ukikatika narudisha mkanda wa chini, nakanyaga.

Namna ya kujaribu kabla hujatoa hela

Usishonee kitambaa cha muuzaji. Chake ni chepesi na uzi wake umeshapangwa. Toa cha kwako.

Kwanza zungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, bila uzi. Likikwama sehemu moja kila mzunguko, kuna shida ndani. Shika gurudumu ulitikise: likicheza sana, imelika au imefungwa vibaya.

Pili, weka sumaku kwenye kichwa. Ikishika kotekote, ni chuma. Na usiamini jina lililoandikwa ubavuni peke yake, jina linaweza kubandikwa na yeyote.

Tatu, shona mstari mrefu kwenye tabaka zako nene, halafu geuza. Mshono wa chini ufanane na wa juu. Ukiona vifundo chini, inaweza kuwa ni mkazo wa uzi tu, muuzaji arekebishe ukiwa umesimama hapo. Akishindwa kurekebisha yeye, wewe nyumbani utaweza?

Nne, angalia kama meno ya chini, yale yanayosukuma kitambaa, yanaweza kushushwa. Baadhi ya za mguu zina kitufe chake. Meno yakishuka unalizungusha blanketi kwa mikono na kuchora maua kwa mshono. Uliza pia kama kinapatikana kile kiguu kikubwa chenye meno yake, kinachovuta tabaka ya juu sawasawa na ya chini. Bila hicho, tabaka ya juu inateleza na blanketi linajikunja mwishoni. Nilikipata, nakitumia kila siku.

Tano, chukua bobini na sindano zake uone kama unazipata mtaani kwako. Sindano ya cherehani za nyumbani shina lake lina upande mmoja bapa, ya kiwandani shina ni la mviringo. Haziingiliani. Kwa kitenge cha kawaida natumia namba 14, kwa tabaka za blanketi 16, kwa jinsi ngumu au turubai 18. Ukitumia nyembamba kwenye kitu kinene, itapinda, itaruka mishono, halafu utasema cherehani ina majini. Na kwenye tabaka nene refusha mshono mpaka kama milimita 3, usibane.

Sita, dai risiti na maandishi ya muda wa dhamana. Mimi mara ya kwanza nilipewa maneno mazuri tu.

Hesabu ya mwisho

Haya ndiyo nataka myaone vizuri. Blanketi moja gharama yangu ni hii: vipande 4,000, faiba 12,000, kitambaa cha chini 9,000, uzi 2,000, sindano na vidogo vidogo 1,000. Jumla 28,000. Nauza 45,000, nabaki na 17,000. Kwa mablanketi 12 faida yangu ilitakiwa iwe 204,000.

Kwa sababu ya cherehani kufa katikati, nilichelewa wiki nzima. Nilimpigia mwenye nyumba ya wageni mapema, sikuzima simu, nikamweleza. Alinielewa lakini akakata 5,000 kwa kila blanketi. Hiyo ni 60,000 imeondoka. Na cherehani niliyonunua 185,000 nikauza 40,000, hiyo ni 145,000. Jumla 205,000.

Faida ya oda nzima 204,000, hasara ya kununua bila kujaribu 205,000. Yaani nilishona mablanketi 12, usiku na mchana, mgongo unauma, kwa kukosa 1,000.

Ndio maana nawaambia, msiulize "cherehani gani nzuri". Anza na "mimi nashona nini, kinene kiasi gani, umeme wangu ukoje, na ikiharibika nani ataitengeneza hapa hapa". Ukiyajibu hayo manne, cherehani inajichagua yenyewe.

Na kama huna uwezo wa cherehani kabisa, usikae bure. Huko Marekani, jimbo la Alabama, kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend. Wanawake weusi wa pale kwa vizazi na vizazi walishona mablanketi ya viraka kutoka nguo kuukuu za shambani, mengi kwa mkono, ili watoto wasife baridi. Mwaka 2002 mablanketi yao yalitundikwa kwenye makumbusho makubwa ya Houston na New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayatolea stempu. Nilipoziona picha zake kwenye simu nilinyamaza kabisa. Viraka vile vile tunavyowashia moto.

VICOBA nimemaliza. Mjomba bado ananidai 150,000. Wiki iliyopita alipita dukani, akakaa kwenye benchi, akanisikiliza nakanyaga. Nikamwambia, "Mjomba, msimu ukifunguliwa yako ipo." Akaitikia kwa kichwa, kisha akachukua blanketi moja la viraka, akaligeuza, akaangalia mshono wa chini.

Akasema, "Hili nitalalia mimi. Lipunguze kwenye deni."

Nikapunguza 45,000. Limebaki 105,000.