Mkondo wa Umeme Juu ya Anga ya Nachingwea na Ruangwa

Paneli za sola zilizofungwa juu ya mapaa ya bati ya Nachingwea na Ruangwa hutoa umeme usio na njia ya kupita ila nyaya zake, kwa kuwa hewa inayozizunguka ni kihami, yaani haipitishi umeme kwa urahisi. Mambo ni mengine kilomita 400 hivi juu ya wilaya hizo, katika tabaka linalopitiwa na Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho jioni huonekana kama nyota kubwa inayosafiri bila kumetameta. Huko miale ya jua imezivunja baadhi ya atomi za hewa haba iliyosalia zikawa plazima, yaani mchanganyiko wa elektroni zenye chaji hasi na ioni zenye chaji chanya, na plazima hupitisha umeme.

Paneli za kituo hicho huzalisha takriban volti 160. Kwenye kingo za seli, ambako kioo hakikufunika kila kitu, upande wa chanya huvuta elektroni na upande wa hasi huvuta ioni. Lakini ioni ya oksijeni ina uzito wa elektroni mara 29,000 hivi, kwa hiyo elektroni humiminika kwa kasi ilhali ioni hujikokota. Ili mikondo hiyo miwili ilingane, kiwiliwili cha kituo, kilichounganishwa na upande wa hasi, huweza kushuka zaidi ya volti mia moja chini ya plazima, kiasi cha cheche kutoboa utando mwembamba unaolinda alumini yake. Ndiyo maana kilifungwa mitambo inayotoa plazima ya gesi ya zenoni, ambayo huzirudisha elektroni nje.

La kustaajabisha zaidi hutokea volteji ya chanya ikipita takriban volti 200. Elektroni inayogonga kioo kando ya metali hung'oa elektroni nyingine kadhaa, kioo chenyewe kikabaki na chaji chanya, na kihami kile kikaanza kukusanya mkondo kana kwamba ni metali, hata ukaongezeka ghafla mara nyingi.

Plazima ilionyesha tena uwezo wake wa kupitisha umeme Februari 1996, pale kebo ya karibu kilomita 20 iliyofunga satelaiti ya Italia kwenye chombo cha anga Columbia cha Marekani ilipofikia volti 3,500 hivi. Umeme ukapenya penye kasoro ya kihami cha kebo, ukaiunguza hadi ikakatika, na mkondo ukaendelea kupita katika plazima kutoka kwenye ncha iliyokatika.