Gharama Isiyoandikwa Katika Daftari la Nyumba

Mwisho wa mwezi unapofika, familia nyingi za askari, kambini na katika laini za polisi, hufungua daftari la matumizi na kuandika: unga, sukari, mkaa, sabuni, mahitaji ya shule. Hesabu hiyo ni njema, nayo ni dalili ya nyumba yenye mpango. Lakini ipo gharama moja isiyoandikwa humo, kwa kuwa haina risiti wala haidaiwi na mwenye duka. Nayo ni thamani ya kile kilichoachwa ili kingine kipatikane. Wataalamu wa uchumi huiita gharama ya fursa.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Shilingi moja haitumiki mara mbili, na saa iliyopita hairudi. Hata dola kubwa haziikwepi sheria hiyo. Mwaka 1953 Dwight Eisenhower, jemadari wa vita aliyekuwa Rais wa Marekani, aliwaeleza wananchi wake kwamba bei ya ndege moja kubwa ya kuangusha mabomu ilikuwa sawa na shule mpya za matofali katika miji zaidi ya 30. Naye Mwalimu Julius Nyerere, alipouzungumzia mpango wa maendeleo wa Tanzania mwaka 1969, alifundisha kwamba kupanga ni kuchagua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme familia ina ekari moja ya shamba. Ikipanda mahindi itavuna magunia 12. Ikipanda maharage itavuna magunia 4. Gawanya kilichoachwa kwa kilichopatikana: 12 kwa 4 ni 3. Basi kila gunia la maharage limeigharimu familia hiyo magunia 3 ya mahindi. Ikiwa mbegu, mbolea na kazi ni sawa, basi kwa mtu alimaye ili auze, maharage yanafaa pale tu ambapo bei ya gunia lake inazidi bei ya magunia 3 ya mahindi.

Kama shamba hilo lingeweza pia kukodishwa, kodi hiyo isijumlishwe na mahindi. Ardhi ile ile isingeweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kinachohesabiwa ni kimoja tu, kilicho bora kuliko vingine vyote vilivyoachwa.

Sheria hiyo hutumika pia kwa kazi ya mikono. Mama mmoja akiuza maandazi ya shilingi 60,000 kwa wiki, akatumia 35,000 kwa unga, mafuta na sukari, na 7,000 kwa mkaa, daftari litaonyesha faida ya 18,000. Lakini ikiwa kwa saa zile zile angeweza kushona nguo na kubaki na 22,000, basi kila wiki anapoteza 4,000 bila kujua. Hata hivyo, kama hana cherehani wala wateja, asiache maandazi yake. Fursa isiyokuwapo haina gharama.

Vile vile, fedha iliyokwisha kutumika haiingii katika hesabu hii. Askari aliyeitengeneza pikipiki yake kuukuu mara nne hana sababu ya kuitengeneza mara ya tano eti kwa kuwa ameshaigharimia sana. Ajiulize tu: fedha ya leo itafanya kazi gani iliyo bora zaidi?

Kosa kubwa kuliko yote hufichwa na neno "bure". Uganda ilipoanza kufuta ada katika shule za msingi mwaka 1997, na Kenya ilipofanya hivyo mwaka 2003, gharama moja ilibaki: kazi ambazo mtoto angezifanya nyumbani. Ndiyo sababu katika baadhi ya nyumba binti huachishwa masomo ili amlee mdogo wake, na wazazi huona wamepata yaya asiyelipwa. Kwa kweli yaya huyo ndiye wa bei kubwa kuliko wote. Mshahara wa yaya wa kuajiriwa hulipwa na kuisha mtoto anapokua. Binti aliyeachishwa shule huulipa uamuzi huo maisha yake yote: kazi ambayo hataipata, barua ambayo hataweza kuisoma, na maelezo ya dawa ambayo ataomba asomewe na mtu mwingine.

Kwa hiyo, kabla ya uamuzi mkubwa, baba na mama waketi pamoja na kuandika mistari mitatu: kitu wanachokitaka, kitu bora watakachokiacha, na tofauti ya thamani yake. Si kila thamani ni fedha. Mapumziko ya askari aliyerudi kutoka zamu ndefu nayo yana uzito wake. Lakini mstari wa pili usiachwe wazi, hasa pale atakayeulipa ni mtoto ambaye hakuulizwa.