Utata wa Kitenzi Kimoja: Tatizo la Kutafsiri "To Serve Man"

Makala haya yanakusudia kuchunguza tatizo la kutafsiri neno lenye maana mbili pale ambapo maana zote mbili zinahitajika kwa pamoja. Mfano wetu hautoki katika riwaya wala katika ushairi, bali katika mchezo wa televisheni. Tarehe 2 Machi 1962 shirika la CBS la Marekani lilionyesha "To Serve Man", mojawapo ya michezo ya The Twilight Zone, mfululizo wa visa vya ajabu na vya kutisha ambamo kila kisa husimama peke yake. Rod Serling aliutunga mchezo huo kutokana na hadithi fupi ya Damon Knight iliyochapishwa mwaka 1950.

Kisa chenyewe ni hiki. Viumbe warefu mno waitwao Wakanamit wanashuka duniani kutoka sayari ya mbali. Mmoja wao anahutubia Umoja wa Mataifa, anaahidi kukomesha njaa na vita, kisha anaacha kitabu kilichoandikwa kwa lugha yao. Michael Chambers, mtaalamu wa kufumbua maandishi ya siri, anakabidhiwa kazi ya kukisoma. Msaidizi wake, Pat, anafaulu kufumbua anwani tu: To Serve Man. Watu wanaridhika. Majangwa yanastawi, majeshi yanavunjwa, na wanadamu wanapanga foleni kwenda kuitembelea sayari ya wafadhili wao. Chambers anapopanda ngazi ya chombo cha anga, Pat anakuja mbio akipiga kelele kwamba kile ni kitabu cha mapishi. Amechelewa. Chambers anasukumwa ndani na mlango unafungwa.

Kitisho chote cha mchezo huu kimejengwa juu ya kitenzi "serve". Katika Kiingereza, yambwa ya kitenzi hicho yaweza kuwa bwana anayetumikiwa au chakula kinachopakuliwa, na umbo la kitenzi halibadiliki. Kiswahili hakina ulegevu huo. Kauli ya kutendea humtenga anayefanyiwa na kinachofanywa: twawaandalia wageni, lakini twaandaa chakula. Mfasiri basi hukabiliwa na njia tatu:

(a) Kumtumikia Binadamu
(b) Kumpakua Binadamu
(c) Kumwandaa Binadamu

Tafsiri (a) yahifadhi wema wa anwani na kuua kitisho, kwani mtazamaji hataona jinsi neno "kutumikia" lilivyoweza kugeuka mapishi. Tafsiri (b) yatoboa siri kabla ya wakati. Hakuna ambaye angepanda chombo hicho. Tafsiri (c) ndiyo tunayoipendekeza. Kijana huandaliwa kwa maisha ya baadaye. Kitoweo nacho huandaliwa. Tena lugha yetu imezoea kuyaweka malezi na mapishi katika chungu kimoja: husemwa kwamba kiongozi fulani amepikwa akaiva, na hakuna anayeshtuka. Hata kiambishi cha yambwa, -m-, kinasaidia, kwa kuwa humhesabu huyo anayeandaliwa kuwa mtu, na hivyo kumtuliza msomaji. Gharama yake ni ndogo: hotuba ya Mkanamit yapasa kurekebishwa kidogo, ili ahadi yake iwe ya kuwaandaa wanadamu kwa amani na neema badala ya kuwatumikia.

Hata hivyo, zoezi hili lafichua jambo kubwa zaidi. Ikiwa Kiswahili kinazitenga maana hizo mbili, kwa nini tudhani kwamba lugha ya Wakanamit inaziunganisha? Utata tunaouona ni wa Kiingereza. Haulazimiki kuwamo katika kitabu chenyewe. Yamkini neno la asili lilikuwa na maana moja tu, ile ya jikoni, na utata ukazaliwa pale lilipovikwa vazi la Kiingereza. Hapo ndipo wafasiri wale walipokosea. Walipata neno la lugha yao lililolingana na la asili, wakachagua maana iliyowapendeza, wakaacha matendo ya wageni yawe ushahidi wa uchaguzi huo. Lakini kulisha watu hakuthibitishi maana yoyote kati ya hizo mbili: mtumishi hulisha, na mfugaji hulisha.

Kwa hiyo yafaa tuwasisitizie wanafunzi wetu kanuni ambayo mara nyingi hupuuzwa, kwamba anwani hutafsiriwa mwisho. Anwani ni neno lisilo na muktadha mpaka kurasa zilizo nyuma yake zisomwe. Pat aliuelewa ukweli huo alipoendelea na kazi baada ya wengine kuridhika, naye ndiye mfasiri wa kweli katika kisa hiki. Kosa halikuwa lake, bali la wale waliopokea neno moja wakadhani wamepewa kitabu kizima.