Arbuni ya mahindi: uuze lini, ushike lini?

MACHI 2012, nikiwa bado mkimbizi Dzaleka, wilayani Dowa, nilimpa mkulima mmoja kwacha 5,000. Hazikuwa bei ya mahindi. Mahindi yenyewe yalikuwa bado shambani. Zilikuwa arbuni: anishikie magunia 20 ya kilo 50 kwa kwacha 2,000 kila moja, niyachukue siku yoyote kabla ya Desemba kwisha. Nisipotokea, arbuni ni yake.

Ndugu msomaji, kule Chicago biashara hiyo hiyo hufanywa kwa hisa. Soko la hati za namna hii lilifunguliwa 1973, na tangu 1990 zipo za muda mrefu, unaoweza kukaribia miaka mitatu. Unalipia haki ya kununua kwa bei mliyopatana, wala hulazimiki.

Aprili, mama mmoja wa Uvira mwenye meza sokoni akaitaka haki yangu kwa kwacha 7,000. Nikauza. Faida ya 2,000 kwa mwezi, mwalimu wa kambini angetaka nini tena! Tarehe 7 Mei serikali ikashusha thamani ya kwacha kwa theluthi moja. Bei zikapanda, noti zangu zikabaki zilezile. Mama alisubiri hadi Desemba, akalipa 40,000 zake, akapakia gari la Lilongwe. Bei ya gunia ilikuwa imeshapita maradufu.

Kosa langu halikuwa kuuza, bali kutohesabu miezi. Ilibaki minane, na mwisho wake ulikuwa msimu wa njaa. Haki kama ile ina thamani mbili: tofauti kati ya bei ya leo na ya mapatano, na muda uliobaki. Muda huyeyuka polepole mwanzoni, mbio mwishoni. Asiyekusudia kuchukua mzigo auze kabla ya wiki za mwisho. Anayetaka kutoka mapema, mara nyingi heri auze haki kuliko kuchukua mahindi akalisha fukusi. Kununua ni pale mkulima anapohitaji fedha na wafanyabiashara hawajaingiwa na hofu.

Wapo wanaosema arbuni ni hasara tupu. Wawaulize waliokuwa na maduka Lilongwe mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi warudi Dzaleka, na Mei polisi wakaanza kuwakusanya. Mwenye stoo iliyojaa huuza kwa bei yoyote. Mwenye arbuni hupoteza arbuni tu, ingawa yote.

Novemba mwaka huohuo kwacha ikashushwa tena, kutoka kama 1,180 hadi 1,700 kwa dola. Nilikuwa nimesharudi nyumbani. Mama wa Uvira alinipigia simu usiku, akicheka, kuniuliza kama bado naweka noti.