Kanda Tuliyoituma Bila Kuuliza

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Maghrib hapa Mjambere, tulipokea kwa simu kanda fupi: taa zilizopangika mstari mmoja kama tasbihi, zikipita kimya juu ya minazi. Maandishi ya chini yalidai kuwa ni vyombo vya viumbe wasiojulikana wanaoshuka usiku. Tukaituma kwa jamaa zetu papo hapo. Kesho yake watoto watatu hawakuja chuoni jioni. Mama zao walihofu kuwatoa nje. Aibu ilitushika, kwani sisi ndio tunaowasomesha Surat Al-Hujurat, inayotuamrisha kuihakikisha habari.

Kijana wetu mmoja asomaye fizikia ndiye aliyetufafanulia. Zile ni setilaiti za Starlink, ambazo hurushwa nyingi kwa pamoja na huandamana siku za mwanzo kabla ya kutawanyika. Huonekana baada ya Maghrib au karibu na Alfajiri, kwa kuwa huku chini kuna giza, nazo kule juu zingali zapigwa na jua.

Hatusemi kuwa kila aonaye kitu huzua. Tarehe 30 Desemba 2024, watu wa kijiji cha Mukuku, Makueni, walisema duara la chuma limeanguka kutoka angani, na ilikuwa kweli: upana wake kama mita 2.5, uzito wake kama kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kisha ikazagaa habari kuwa Kenya yaidai India fidia, na Shirika likabidi kukanusha. Chuma kilikuwa cha kweli. Maneno yaliyokipanda mgongoni hayakuwa.

Basi mama, ukirekodi jambo la angani, paa la nyumba au mnazi uonekane pichani, na utaje kwa sauti mahali, saa na upande, ukipimia kibla, ambayo kwetu ni kaskazini. Kanda isiyo na mahali wala saa iache ilipo, hata ikivutia vipi. Siku hizi kompyuta zaweza kututengenezea mwezi wa pili juu ya Kisauni.

Tulizipitia nyumba zile tatu kuomba radhi. Watoto wawili wamesharudi chuoni. Wa tatu bado.