Bukavu: Silambloki inakufa kwa sababu ya barabara, lakini mara nyingi pia kwa sababu ya namna ilivyofungwa

Panda teksi inayotoka Nyawera kwenda Panzi, ukae nyuma pamoja na wengine watatu, halafu usikilize. Kabla ya kufika Essence utakuwa umesikia ule mlio: ko-ko, ko-ko, kila mara gurudumu la mbele linapoingia katika shimo. Dereva akishika freni, mlio mwingine mzito unatoka chini ya miguu ya abiria wa mbele, mara moja tu, kama mtu amepiga nyundo kwenye bati. Abiria wamezoea. Dereva naye amezoea. Ukimuuliza, atakuambia kwamba ni amortisa, na kwamba anatafuta makuta ya kununua nyingine.

Mara nyingi amortisa ni nzima. Kilichokufa ni silambloki, kampira kadogo kasichozidi ngumi ya mtoto, ambako watu wengi hawajakaona kwa macho.

Jina hilo limetoka katika Kifaransa. Lilianza kama alama ya biashara, baadaye likawa jina la kitu chenyewe. Silambloki ni bomba fupi la chuma la nje, bomba jembamba la chuma la ndani, na mpira katikati yao. Bomba la nje limekazwa kwa nguvu ndani ya bra, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kutoka chini. Bomba la ndani linabanwa na buloni kwenye shasi ya gari. Gurudumu likipanda na kushuka, bra inapanda na kushuka nalo, na mpira ule ndio unaokubali mwendo huo wote na kumeza kishindo kisifike mwilini mwa gari.

Hapa kuna jambo ambalo madereva wengi, na hata mafundi wengine, hawalijui. Ndani ya silambloki ya namna hii hakuna kinachozunguka. Watu wanafikiri buloni inazunguka katika tundu lake kama bawaba ya mlango. Hapana. Buloni ikikazwa, bomba la ndani linakuwa kitu kimoja na shasi. Bomba la nje ni kitu kimoja na bra. Kinachobaki ni mpira kujipinda kidogo upande huu, kurudi, kujipinda upande ule, kurudi. Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini silambloki mpya inaweza kufa haraka hata katika gari inayotembea polepole. Tutarudi hapo, maana ndipo penye hasara kubwa.

Hasara yenyewe inaanza kwenye mapine. Mpira ukipasuka, bra inapata nafasi ya kusogea mbele na nyuma, na gurudumu halisimami tena sawa na barabara. Pine linalika upande mmoja, mara nyingi upande wa ndani ambao hauonekani mpaka ulale chini. Dereva ananunua pine jipya, nalo linalika vilevile. Kisha gari inaanza kuvuta upande mmoja wakati wa kushika freni. Ndani ya muji, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, hiyo ni usumbufu tu. Kwenye miteremko ya Ngomo, kwenye barabara ya Uvira, wakati korongo liko upande mmoja na lori linapanda upande mwingine, gari inayojichagulia njia wakati wa freni ni jambo lingine kabisa.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ugonjwa. Mlio mwepesi wa haraka-haraka kwenye mawe madogo, kama sahani zinagongana, unatoka mara nyingi kwenye bieleti, kile kijiti kinachounganisha bra na chuma cha kusawazisha gari. Rotili iliyokufa nayo inagonga, na hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu ikitoka, gurudumu linalala. Silambloki ya bra ina dalili yake: mlio mmoja mzito wakati wa kushika freni, na mwingine wakati wa kuondoka. Kumbuka pia kwamba gari zetu nyingi zina volani kuume. Gurudumu la kushoto liko mbali na sikio la dereva, kwa hiyo abiria aliyekaa kushoto anaweza kusikia ugonjwa kabla yake. Msikilize akikuambia.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Inua gari, iweke juu ya miguu ya chuma ambayo mafundi wanaiita shandeli, kisha ingiza baramina ndogo kati ya bra na shasi, usukume taratibu. Mpira mzima unasogea kidogo na kurudi. Mpira uliokufa unaachia: unaona ufa unafunguka, au bomba la ndani linacheza peke yake katikati. Mistari midogo ya uzee juu ya mpira si kifo bado. Mpira ulioachana na chuma chake, huo umekwisha.

Kuhusu shandeli sitanung'unika kusema mara mbili. Bukavu ni muji wa milima, na nyumba nyingi hazina kiwanja cha sawa. Usifanye kazi hii kwenye mteremko. Usilale chini ya gari iliyosimama juu ya kriki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota ekru. Usitumie matofali ya sementi. Yanaonekana magumu lakini yanaweza kupasuka ghafla, bila kulia kwanza. Kama huna shandeli, azima garajeni, au tumia magogo mapana ya mbao ngumu yaliyopangwa kwa kukingamana. Funga magurudumu ya nyuma kwa mawe au mbao pande zote mbili. Kisha, kabla ya kuingia chini, sukuma gari kwa bega. Kama itaanguka, ianguke wakati wewe uko nje.

Tuchukue Corolla ya aina ya E110, iliyouzwa Japani kuanzia mwaka 1995 hadi 2000, kwa sababu ni moja ya zile ambazo mtu anaweza kujaribu nyumbani. Kila upande wa mbele una bra moja ya chini yenye silambloki mbili, moja mbele na moja nyuma. Legeza ekru za gurudumu wakati gari bado iko chini, kisha inua na utoe gurudumu. Fungua bieleti. Rotili ya chini imefungwa kwenye bra kwa buloni moja na ekru mbili, kwa hiyo huna haja ya kupiga rotili nyundo ili iachie. Fungua hizo tatu tu. Halafu buloni zinazoshika bra kwenye shasi. Hizo zimekaa miaka mingi na matope na maji, na hazitatoka kwa kuombwa. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu jioni ya kuamkia kazi, na uwe na kle ndefu au tiyo ya kurefusha mpini. Katika gari nyingine za gia za otomatiki, buloni ya upande mmoja inagonga sanduku la gia kabla haijatoka yote. Angalia nafasi hiyo kwa tochi kabla ya kuanza kufungua, siyo katikati ya kazi, wakati gari tayari haina mguu.

Bra ikiwa mkononi, kabla ya kutoa mpira wa zamani, chora alama. Silambloki ya nyuma mara nyingi ina matundu kama nusu mwezi ndani ya mpira, na matundu hayo yana upande wake. Ukiifunga imegeuka, mpira unakuwa mgumu pale ulipopaswa kuwa laini. Msumari mmoja wa kukwaruza chuma unatosha kuweka alama.

Kuitoa ndiko kunakomaliza nguvu. Wengi wanachoma mpira kwa moto. Moshi wake ni sumu, nyumba ya jirani inajaa harufu, na moto mkali unaweza kudhoofisha chuma cha bra. Ni bora kutumia etau kubwa, au kujitengenezea presi: buloni ndefu nene yenye nyuzi, rondele nzito, na kipande cha tiyo ambacho tundu lake ni kubwa kidogo kuliko silambloki ili iingie humo inapotoka. Unakaza ekru, na silambloki inavutwa nje polepole. Ikikataa kabisa, kata bomba la nje kwa msumeno wa chuma kwa uangalifu, bila kufikia bra yenyewe.

Kuingiza mpya ni kazi ileile kinyume. Safisha tundu mpaka ling'ae. Paka maji ya sabuni, siyo grese. Hapa najua nitabishana na mafundi wengi, maana karibu kila garaje ina kopo la grese na mkono wa kuipaka kila mahali. Grese na mafuta ya motere yanakula mpira wa kawaida. Unavimba, unalainika, unakufa mapema. Sabuni inakauka na kwenda zake. Na nguvu ya kusukuma ielekee kwenye bomba la chuma la nje tu. Ukisukuma katikati, umeupasua mpira siku ya kwanza.

Sasa turudi pale tulipoahidi. Bra imerudi mahali pake, gurudumu bado linaning'inia, buloni ziko mbele ya macho, kle iko mkononi. Kila kitu kinamwambia mtu akaze hapo hapo na amalize. Na wengi ndivyo wanavyofanya. Lakini gurudumu linaloning'inia liko chini sana kuliko linapobeba gari. Ukikaza hapo, umemwambia mpira kwamba huo ndio mkao wake wa kupumzika. Ukishusha gari, bra inapanda, na mpira unajipinda kabla gari haijatembea hata mita moja. Unabaki umejipinda hivyo usiku na mchana, hata gari ikiwa imezimwa. Shimo la kwanza linauongezea juu ya huo. Baada ya muda mfupi unapasuka, na dereva anarudi kulaani piesi: ni ya bandia, imetengenezwa vibaya. Inawezekana. Bandia ziko sokoni. Lakini piesi nzuri kabisa nayo isingepona pale.

Namna sahihi ni hii. Rudisha buloni zote na uzikaze kwa mkono tu, zishike bila kubana. Funga rotili na bieleti kwa nguvu yake kamili. Rudisha gurudumu. Shusha gari, lakini mapine ya mbele yakae juu ya vipande vya mbao vipana na vinene, ili gari isimame kwa uzito wake wote na bado upate nafasi ya kuingiza mkono. Itikise gari, ikalie mara mbili tatu ili ishuke katika mkao wake wa kawaida. Ndipo ukaze buloni za bra, kwa nguvu inayoandikwa katika kitabu cha gari hiyo. Hapo mpira unajua nyumbani kwake ni wapi, na una nafasi sawa ya kujipinda kwenda juu na kwenda chini.

Badilisha pande zote mbili pamoja kama makuta yanaruhusu, na baadaye peleka gari kwenye paralelisme.

Kuhusu mahali pa kununua, kuna njia tatu. Silambloki mpya peke yake ni rahisi kwa bei lakini ina kazi ya presi. Bra nzima mpya inakuja na silambloki ndani, inagharimu zaidi, lakini mtu asiye na etau anamaliza kwa nusu siku. Bra ya okazio ndiyo ninayoiogopa. Chuma chake kinaweza kuwa kizuri, lakini mpira unazeeka hata ukikaa tu kwenye rafu, na piesi iliyong'olewa kwenye Corolla ya aina hiyo ina miaka 25 au zaidi. Unanunua uzee wa mtu mwingine. Kama hakuna njia nyingine, chukua bra hiyo kwa ajili ya chuma, uweke silambloki mpya.

Kisha kuna wale mafundi hodari wanaochonga mpira kutoka pine la zamani. Ninawaheshimu, katika inchi ambayo piesi inaweza kukosekana kwa wiki nzima, wamesaidia watu wengi kufika nyumbani. Kwa mipira ya chuma cha kusawazisha gari, ambayo inabanwa tu kwa kishikio, kazi yao inaweza kufaa. Kwa bra, hapana. Mpira wa kiwandani umeshikamana na chuma, ndiyo maana unaweza kujipinda na kurudi. Wa kuchonga umeingizwa tu, hivyo unateleza na kujisaga, na nafasi inarudi.

Baada ya siku chache za kutembea, lala tena chini uangalie buloni. Wengine wanachora mstari wa rangi unaopita juu ya ekru na chuma kilicho karibu nayo. Mstari ukiwa umekatika, ekru imesogea, na inakazwa tena, gari ikiwa juu ya mapine yake. Zile silambloki za zamani usizitupe. Zichukue siku utakapokwenda kununua za upande mwingine, uzilinganishe na mpya mezani kwa muuzaji, upana kwa upana na tundu kwa tundu, kabla ya kutoa feza.